Hodi ya Tatu

Mimi nina ugonjwa wa kupiga hodi. Nimepiga hodi kwenye lifti ya jengo moja kule mjini, na watu waliokuwamo ndani wakanitazama kwa huruma. Nimepiga hodi bafuni kwangu, katika nyumba ambayo tunaishi watu wawili tu, na huyo wa pili nilikuwa nimemwacha jikoni sasa hivi. Na wa kulaumiwa ni huyo huyo wa jikoni: mavyaa wangu, mamake marehemu mume wangu. Alinipokea nyumba ya Mji wa Kale nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na siku ya pili tu akaniambia kwamba nyumba hii haiingiwi ovyo. Mlango wowote, uwe wazi au umefungwa, unasimama nje, unapiga hodi, unangoja karibu. Hukujibiwa, piga ya pili. Hukujibiwa, piga ya tatu. Na ya tatu ikipita kimya, geuka urudi ulikotoka, wala usinune, maana wenyewe wana haki ya kutokutaka mgeni.

Nalieleza hili mapema ili mjue vipi mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mwenye buibui mwilini na bastola mkononi, alikuja kusimama mbele ya mlango usio na nyumba, saa inahesabu, watu wanamtazama, akawa anangoja kukaribishwa.

Sisi ni masonara. Duka liko chini, Ndia Kuu, na sisi tunakaa juu yake. Mume wangu ndiye aliyenifundisha kazi: kupima, kuchoma, kung'arisha, na kumtazama mteja usoni kabla ya kuitazama pete anayotaka kuuza. Kwa sababu ya dhahabu alikuwa na kibali cha bastola, na kila Jumapili asubuhi alikwenda ng'ambo kwenye uwanja wa shabaha kujizoeza. Mimi alinichukua nimbebee chupa ya chai. Nilibeba chupa ile miaka miwili, nikachoka, nikamwambia na mimi nataka kujaribu. Alicheka. Nilipopiga akaacha kucheka. Mwaka uliofuata nikapata kibali changu mwenyewe, na tangu hapo chai tukawa tunabebeana kwa zamu.

Alipofariki, nilikaa eda juu miezi minne na siku kumi, na duka likashikwa na shemeji yangu, ndugu yake mdogo. Nilimshukuru kwa hilo na namshukuru mpaka leo. Lakini eda ilipokwisha, nikashuka ngazi na ufunguo wangu mkononi, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha mume wangu, kile cha mninga chenye mto, nyuma ya kaunta. Hakuinuka. Aliniambia karibu shemeji, akanisogezea kiti cha plastiki cha buluu, kile kifupi cha kukalia mtu akifua. Basi mwaka mzima nikawa nauza mikufu nikiwa nimekaa karibu na sakafu. Wateja walikuwa wanachungulia juu ya kabati la vioo kutafuta sauti inatoka wapi.

Hilo ningelivumilia. Lililonichoma roho ni kile kijilango cha kaunta. Nyuma yake ndipo tunapofanyia kazi, ndipo ninapovua mtandio joto likizidi, ndipo marehemu alipokuwa akisali adhuhuri. Yeye mume wangu, mwenye duka, akitoka msikitini alikuwa akisimama hapo na kupiga hodi kwanza. Shemeji alikuwa anakisukuma kwa goti tu, mikono imejaa mahamri.

Na msidhani hakulelewa. Walilelewa na mama mmoja! Huyu shemeji ndiye ambaye kuna mwaka alitumwa apeleke sinia la biriani kwenye nyumba ya arusi, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Akapiga hodi, ngoma zikamzidi. Akapiga ya pili, ya tatu. Hakujibiwa, akageuka, akarudi nalo kichwani mpaka nyumbani, sinia la watu thelathini, na bwana arusi akala saa kumi. Mlango wa nani hakuuheshimu huyu mtu? Mlango wangu tu. Kwake yeye pale palikuwa dukani kwa ndugu yake, na mimi nilikuwa kama kabati mojawapo.

Siku moja duka la simu la mtaa wa pili likaibwa mchana kweupe. Jioni hiyo hiyo shemeji akapanda juu, akakaa, akanywa kahawa yetu, akasema na mamake kwa upole mkubwa. Ati anaona vyema mimi sasa nipumzike, nikae juu na mama, kwa sababu dhahabu inataka mwanamume wa kuilinda. Yeye pia alikuwa na kibali, amekipata miezi michache nyuma, na tangu akipate alikuwa anatembea kwa kutanua mikono kama mtu aliyevaa shati lililolowa. Nikamwambia kama ni kulinda, mimi nilikuwa napiga shabaha wakati yeye anaogopa fataki za sikukuu. Maneno yakapanda. Mavyaa alikuwa anamenya mbaazi. Hakuinua uso.

Ilitokea kwamba mwezi uliofuata palikuwa na mashindano ya bastola ya watu wa Pwani, na sote wawili tulikwisha sikia. Mavyaa akauliza hayo mashindano ni nini. Tukamweleza. Akauliza kama kuna chakula. Tukamwambia kipo. Ndipo akatoa hukumu.

"Endani nyote wawili," akasema. "Atakayemshinda mwenziwe akae kwenye kiti. Na atakayeshindwa asiniletee maneno hapa juu."

Basi ikawa hivyo. Usiku ule nililala vibaya. Si kiti kile tu. Kwenye duka lile nilikuwa bado namsikia mume wangu, anakohoa, anauliza koleo ndogo iko wapi. Nikipandishwa juu kukaa na mbaazi ningempoteza mara ya pili, na wakati huu ningekuwa nimempoteza kwa uvivu wa kulenga.

Mashindano yenyewe si ya kusimama mahali pamoja ukapiga duara la karatasi. Mnajengewa kama mchezo: unaanza hapa, kifaa kinalia pii, unachomoa bastola, unapiga vibao vya chuma, unakimbia, unainama chini ya kitu, unapiga vya karatasi, unabadilisha risasi, unakimbia tena. Wanahesabu ulipopiga na muda uliotumia, kwa hivyo mwenye mbio asiyelenga hana kitu, na mwenye kulenga anayetambaa hana kitu vilevile. Masharti ni mengi, lakini moja ndilo la kufa na kupona: mdomo wa bastola utazame mbele daima, kwenye tuta la mchanga. Ukigeuka nao nyuma waliko watu, hata kidogo tu, umetolewa mashindanoni siku nzima, na huna pa kukata rufaa.

Nilijizoeza nyumbani kwa mwiko. Bastola si kitu cha kuchezea nyumbani, na mwiko wa ugali una urefu mzuri. Niliufunga mkanda juu ya buibui, mwiko kiunoni, nikawa nauchomoa na kulenga chupa za achari kwenye rafu, halafu nakimbia ukumbini hadi kwenye mtungi wa maji na kurudi. Mavyaa alijifanya msimamizi. Alikaa mlangoni pa jikoni, akipiga sufuria kwa kijiko ndiyo ishara ya kuanza, na nikimaliza akawa ananiambia, "Umekufa." Kila mara nimekufa. Hakuwahi kunieleza nimekufa kwa nini. Na mara ya kwanza nilipoingia jikoni kwa mbio bila hodi, mwiko mbele, alinirudisha ukumbini nikaanze upya.

Shemeji kwa upande wake alinunua vitu. Alinunua miwani ya njano, glavu zisizo na vidole, suruali yenye mifuko ya kuhamia nyumba, na viatu vya ngozi virefu vyenye kamba kutoka kidole mpaka chini ya goti. Alivivaa vyote siku tatu kabla, akapita navyo Ndia Kuu kwenda kununua maziwa. Wauza vinyago walimpigia saluti.

Jumapili ile tulikwenda kwa gari moja, lake, kwa sababu mavyaa alisema hatoi ruhusa ya kutumia mafuta mara mbili kwa upuuzi mmoja. Tulikwenda mpaka tukavuka daraja. Kuvuka tu, shemeji akaniambia kwa huruma kwamba nisihofu, akishakaa kwenye kiti ataniletea mashine ya kushonea niwe najishughulisha. Nikatazama nje nikahesabu minazi ili nisiseme jambo la kujutia.

Watu walikuwa wengi: wa Malindi, wa Kwale, wa Voi, na kikundi cha wageni kutoka Nairobi waliokuja na fulana za rangi moja. Msimamizi wetu alikuwa askari mstaafu, mzee wa makamo kutoka upande wa Kaloleni, mpole, mwenye sauti nzito na kifaa cha kupimia muda shingoni. Aliponiona na mkanda juu ya buibui hakushangaa. Alitusalimu mmoja mmoja, akaniuliza hali, nyumbani, mama hajambo, kisha ndipo akanikagua bastola. Wale wa Nairobi walikuwa wanatazama saa zao.

Vituo vilikuwa vitano. Vinne vya kwanza sina la kujigamba sana. Kimoja nilisahau kibao, kingine nilikanyaga buibui nikaanguka magoti, nikapiga nikiwa nimepiga magoti na mtu mmoja akanisifu kwa ufundi. Shemeji alikuwa mwepesi, sikatai. Alikimbia vizuri, viatu vinalia. Lakini alikuwa anafika kabla ya risasi zake kujua ziende wapi. Baada ya vituo vinne, ubaoni, mimi nilikuwa mbele yake kwa pointi chache. Sote wawili tulikuwa chini kabisa ya orodha, lakini sikuja pale kumshinda mtu wa Voi.

Sasa, kituo cha tano. Waandaaji walitaka wageni waone kwamba wamefika Pwani, kwa hivyo wakajenga nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa nguzo na magunia, lakini mlango ulikuwa mlango: wa mbao za kweli, umetolewa kwenye nyumba fulani iliyobomolewa, umesimamishwa kwenye fremu yake na komeo lake. Ukifungua kuna pazia. Nyuma ya pazia wametandika mkeka mpya. Ndani mna wezi wanne wa karatasi, na katikati yao karatasi moja iliyovishwa leso kama mama wa nyumbani. Msimamizi akaeleza: nje piga vibao viwili, ingia mlangoni, piga wezi wote. Aliyevaa leso ni mwenye nyumba, atakayempiga atakatwa pointi. Akauliza kama kuna swali. Mimi nilikuwa naitazama ile leso, nikifikiria kuwa wameifunga vibaya.

Nikaitwa wa kwanza kati yetu. Kifaa kikalia. Vibao viwili, vikaanguka vyote, safi. Nikakimbia, buibui nimelishika kwa mkono wa kushoto, bastola mbele kwenye mkono wa kulia, nikafika mlangoni, nikaweka mkono kwenye komeo.

"Hodi," nikasema.

Wallahi sikukusudia. Mdomo wangu ulikwenda wenyewe. Na nilipokwisha kusema, nilijua nimefanya upumbavu, na nilijua saa inahesabu, na hata hivyo mguu wangu haukutaka kuinuka. Nilikuwa nangoja. Nyuma yangu, msimamizi, aliyekuwa ananifuata hatua kwa hatua na kile kifaa chake, akajibu kwa sauti yake nzito, "Karibu mama, pita."

Nikapita. Nikafungua pazia, nikauona mkeka, nikavua viatu. Navyo nilivivua bila kufikiri, kisigino kwa kisigino, bastola ikiwa imetazama mbele kama inavyotakiwa. Nikasimama juu ya mkeka kwa soksi, nikawapiga wezi wanne, risasi mbilimbili, wala sikumgusa mwenye nyumba. Nilipogeuka baada ya kuirudisha bastola kwenye ala yake, uwanja mzima ulikuwa umekwisha kwa kicheko. Watu wamekaa chini. Shemeji alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

Wageni wa Nairobi hawakucheka. Mmoja wao, mwenye kitabu cha masharti mfukoni, akasema mpigaji haruhusiwi kusaidiwa kwa neno lolote, na kwamba msimamizi ndiye aliyeniambia niingie. Waandaaji wakakutana chini ya mwavuli. Msimamizi, masikini, alikuwa anajitetea kwamba hakusaidia mtu, alijibu hodi tu, ungefanyaje? Walikaa kama robo saa kulijadili hilo neno karibu. Mwisho wakakata shauri: kosa ni la msimamizi, mama ana haki ya kurudia. Mimi nikakataa kurudia. Niliogopa ningesimama tena palepale. Na tangu sasa, wakasema, mtu yeyote atakayemtamkia mpigaji neno, hata karibu, kama naye ni mshindani atakatwa pointi zake yeye mwenyewe. Wakalitangaza kwa kipaza sauti mara mbili.

Pointi zangu zikaandikwa. Nilipiga vyema, muda wangu ulikuwa wa aibu. Kunipita, shemeji alihitaji kumaliza tu bila balaa. Na yeye alikuwa hana wasiwasi wowote. Alizunguka akimweleza kila mtu kwamba wanawake huwaza nyumba tu, ati yeye akikaribia mlango ule ataupiga teke. Alimwonyesha hata mtu wa Kwale jinsi ya hilo teke.

Kifaa kikalia. Kibao cha kwanza kikaanguka, cha pili kikaanguka kwa risasi ya tatu. Akakimbia, viatu vinalia, bastola mbele, msimamizi nyuma yake. Akafika mlangoni. Mguu aliuinua, hilo nalishuhudia, aliuinua kweli. Kisha akaushusha taratibu, akasimama wima.

"Hodi," akasema.

Kimya. Watu wameziba midomo kwa mikono. Msimamizi amebana meno mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mtu wa Nairobi yuko na kitabu chake. Niliona furaha inanipanda kutoka tumboni, furaha mbaya, sijapata kuwa na furaha mbaya kiasi hicho.

"Hodi," akasema tena, sauti imepungua kidogo.

Hapo ndipo furaha ikanigeuka. Kwa sababu mimi nilikuwa namjua huyu mtu, na pengine pale uwanjani ni mimi peke yangu niliyekuwa namjua. Nililiona sinia la biriani kichwani mwake. Nilijua kitakachofuata: atapiga ya tatu, atangoja kwa heshima, kisha atageuka arudi alikotoka. Na atageuka na bastola mkononi. Ingekuwa mwisho wake, angetolewa siku nzima, kiti kikawa changu, na mimi sikutakiwa kufanya kitu chochote ila kunyamaza. Nikanyamaza. Nikakaza midomo.

"Hodi wenyewe," akasema. Ya tatu.

Akangoja. Nikaona bega lake la kulia limeanza kurudi nyuma.

"Karibu shemeji," nikasema kwa sauti kubwa. "Pita ndani."

Msinifanye malaika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake moja kwa moja, na bastola ile ingegeuka, mtu wa kwanza kuonana nayo ningekuwa mimi. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba mdomo wangu una ugonjwa, nimekwisha kuwaambia. Lakini kuna na ya tatu. Alikuwa amesimama pale kwa mgongo wa mume wangu. Mabega yale yale, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayesikiliza kama kuna mtu ndani. Mwaka mzima nilikuwa sijamwona shemeji akisimama mlangoni, ndiyo sababu sikuwahi kujua wanafanana. Sikuweza kumwacha arudi.

Akaingia. Akafungua pazia, akakutana na mkeka, na viatu vyake vina kamba mpaka chini ya goti. Nilimwona anavitazama. Kuvivua ingemchukua mpaka alasiri. Basi akasimama pembezoni mwa mkeka, ncha za viatu zikiwa nje kabisa, akanyoosha shingo na mikono kama mtu anayechuma embe la jirani, akawapiga wezi kutoka palepale. Mmoja alimkosa. Mwenye nyumba hakumgusa.

Nikakatwa pointi, nilijua nitakatwa. Orodha ilipobandikwa, shemeji alikuwa wa tatu kutoka mwisho na mimi wa pili kutoka mwisho. Chini yangu alikuwapo bwana mmoja ambaye bastola yake ilikataa tangu asubuhi. Mtu wa Nairobi mwenye kitabu alikuwa juu kabisa. Alipokuja kuchukua kikombe chake alinipa mkono, akaniuliza kama kweli watu wa Mombasa hupiga hodi kila mahali. Nikamwambia siku hizi si wote.

Tukarudi kwa gari lile lile, shemeji akiendesha. Alikuwa amevua miwani ya njano. Tulipofika darajani, foleni ikasimama, akaizima injini.

"Shemeji," akasema, "ungenyamaza, ningegeuka."

"Najua."

"Kiti kingekuwa chako."

"Najua," nikamwambia. "Washa gari, watu wanapiga honi."

Mavyaa alikuwa anatungoja kwenye baraza ya juu. Aliuliza kwanza tulikula nini. Kisha akauliza nani kashinda. Shemeji akatazama viatu vyake, nikajibu mimi. Nikasema yeye. Mavyaa akanitazama, akasema basi, kesho mkabidhi ufunguo. Nikaingia jikoni, bila hodi, hakuna aliyenirudisha, nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Nililia hapo, sina haja ya kuficha. Nikaurudisha mwiko kwenye ndoano yake.

Asubuhi ya Jumatatu nilishuka mapema nifungue duka mara yangu ya mwisho. Nilifagia, nikakitoa kile kiti cha buluu upande wa wateja, nikapangusa vioo, nikaweka ufunguo juu ya kaunta mahali pa kuonekana. Kisha, kwa kuwa ndiyo mwisho, nikakaa kwenye kile kiti cha mninga. Nilitaka kukikalia dakika tano. Mto wake ulikuwa umebonyea kwa umbo la watu wawili, na wa pili simtaki.

Shemeji akaingia kutoka barabarani saa yake ile ile, na mahamri yake. Alikuwa amevaa kanzu na makubadhi. Akapita kwenye makabati, akafika kwenye kijilango cha kaunta, na mimi nikaanza kuinuka nimpishe. Akasimama. Hakukisukuma. Aliweka mahamri juu ya kabati, akashusha mikono.

"Hodi," akasema.

Nikabaki nusu nimekaa nusu nimesimama. Nikamtazama. Yeye hakunitazama, alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, anasikiliza.

"Hodi," akasema tena.

Mdomo wangu ulitaka kujibu. Naapa, ulikuwa umekwisha kufunguka, ile ka ya karibu ilikuwa ulimini. Nikauziba kwa mkono. Kisha nikauziba kwa mikono miwili. Nikakaa chini, kwenye kiti, nimejiziba mdomo kama niliyeona panya, macho yamenitoka.

"Hodi wenyewe," akasema, ya tatu, polepole, vizuri, kama tulivyofundishwa.

Akangoja. Alingoja sawasawa, hakupunguza. Juu nilimsikia mavyaa ameacha kutwanga. Kisha shemeji akageuka, akayaacha mahamri pale pale, akapita kwenye makabati, akatoka mpaka barabarani.

Alikaa nje kidogo. Nilimwona kupitia kioo anafuta uso kwa leso yake ya mfukoni, anamsalimu muuza vinyago. Halafu akaingia tena, safari hii akasimama upande wa wateja. Akanitolea salamu, nikamwitikia. Akavuta kile kiti cha plastiki cha buluu, akakaa, magoti yakamfika kidevuni, akasema anamtafutia mkewe herini, ila hajui nzuri ni zipi.

Nikauchukua ufunguo juu ya kaunta, nikafungua kabati, nikamuuliza mkewe anapenda ndefu au fupi.